Je, Ni Kweli au Ni Faraja Tu? Sababu za Kuamini Ufufuo wa Bwana

(Hotuba iliyotolewa kanisani siku ya Jumamosi, mkesha wa Pasaka, katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)



Kamati ya Jubilei iliponipa nafasi hii ilinielekeza nizungumze juu ya tumaini la waanzilishi wetu. Nilishukuru, lakini nikaomba ruhusa ya kuligeuza neno hilo kidogo. Habari za waanzilishi mtazisoma katika kitabu cha Jubilei, nao walioziandika wamefanya kazi njema. Wazee wale wamelala hapo nyuma ya kanisa, na wengine wamelala katika vihamba vyao chini ya migomba. Juu ya kila mmoja wao, siku ya maziko yake, Kanisa lilitamka kwamba anazikwa kwa tumaini la ufufuo. Kwa miaka 100 tumesema hivyo katika usharika huu. Jioni hii nataka tuulize kama tulikuwa na haki ya kusema hivyo.

Swali hili si langu. Nililetewa na kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, siku tulipomzika mama yake. Ibada ilikuwa imekwisha, mashada yamekwisha kuwekwa, na watu wameanza kuelekea kwenye turubai kwa ajili ya chakula, lakini yeye alibaki kando ya kaburi. Nilipomkaribia ili nimpe mkono wa pole, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, hayo uliyoyasema juu ya mama ni kweli, au ni maneno ya kutufariji?" Nami, mtu niliyesomeshwa na Kanisa kule Makumira, niliyekesha juu ya Kiyunani cha Agano Jipya, nilimjibu, "Mwanangu, mambo haya tunaamini tu." Akasema, "Asante, Baba Mchungaji," akaenda zake.

Shukrani ile ilinichoma kuliko kama angenibishia. Aliomba mkate, nami nilimpa jiwe. Baada ya majuma mawili nilimwandikia barua, naye akanirudishia maswali mengi kuliko la kwanza, na tangu hapo tumeendelea kuandikiana. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila kumtaja jina. Haya mtakayoyasikia, kwa sehemu kubwa, ni majibu niliyopaswa kuanza kumpa pale kaburini.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba swali lake halikuwa dhambi. Mtume Paulo mwenyewe hakukubali faraja isiyo na ukweli. Wakorintho kadhaa walipoanza kusema kwamba wafu hawafufuliwi, hakuwaambia kwamba si kitu, mradi wanapendana na kukutana kusali. Aliwaambia kwamba kama Kristo bado yumo kaburini, basi mahubiri yote hayana maana, mitume ni mashahidi wa uongo dhidi ya Mungu, na sisi Wakristo tunastahili kuhurumiwa kupita wanadamu wote. Aliiweka imani yake yote juu ya jambo moja, ambalo mtu anaweza kuuliza kama lilitokea au halikutokea. Basi mtu akituuliza, tusimkemee.

Tufungue 1 Wakorintho 15, kuanzia aya ya tatu. Paulo anasema kwamba amewakabidhi Wakorintho kile ambacho yeye naye alikipokea, ndipo anapotoa orodha: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, kisha wale Kumi na Wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, kisha Yakobo, kisha mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Juu ya wale 500 anaongeza neno ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: kwamba wengi wao walikuwa wangali hai alipoandika, ingawa baadhi walikuwa wamelala.

Waraka huu uliandikwa lini? Matendo ya Mitume 18 inatuambia kwamba Paulo alipokuwa Korintho alishtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Maandishi ya mawe yaliyopatikana Delphi, katika nchi ya Ugiriki, yanatusaidia kujua kwamba Galio alikuwa madarakani karibu na mwaka 51 au 52. Paulo aliondoka Korintho, akafika Efeso, na kutoka huko akawaandikia Wakorintho, yapata mwaka 54 au 55. Bwana wetu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Hesabuni wenyewe: ni miaka ishirini na kitu.

Kamati yetu ya historia inajua maana ya hesabu hiyo. Usharika huu ulianza wakati kazi ya Injili hapa Kilimanjaro ilipokuwa inainuka tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuondolewa kwa Wamisionari wa Leipzig mwaka 1920. Leo hayupo hata mtu mmoja aliyeiona ibada ya kwanza. Kamati ilibidi iulize watoto na wajukuu. Lakini miaka ishirini na kitu ni jambo jingine kabisa. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama, na wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi habari hiyo ilipowafikia. Nasema hili kwa heshima: kama mtu angeandika leo kwamba siku chache baada ya maziko yale Mwalimu alionekana akiwa hai na watu zaidi ya 500 mahali pamoja, na kwamba wengi wao wangali hai, je, barua yake ingemaliza juma moja kabla ya watu kumwuliza hao ni akina nani na wanaishi wapi? Mtu atasema Korintho ni mbali na Yerusalemu. Ni kweli. Lakini ilikuwa njia panda ya wafanyabiashara na mabaharia, na waraka wenyewe unaonyesha kwamba jina la Kefa lilijulikana huko, kiasi kwamba wengine walijiita watu wa Kefa. Paulo alikuwa anawaandikia watu ambao wangeweza kuuliza.

Tena orodha yenyewe ni ya zamani kuliko waraka. Katika Wagalatia 1 Paulo anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, na akamwona Yakobo ndugu yake Bwana. Angalieni majina hayo mawili. Ndiyo majina mawili ya watu mmoja mmoja yaliyomo katika orodha. Kwa hiyo habari hii haikukua polepole vizazi vingi kama hadithi ya sungura na fisi. Ilikuwepo tangu mwanzo, katika mji ule ule ambamo msalaba ulisimamishwa.

Je, alikufa kweli? Hapa sitakawia. Ndugu zetu Waislamu wana fundisho lao juu ya jambo hili, nasi tumekaa nao kwa amani, tukizikana na kupelekeana vyakula vya sikukuu. Sikusudii kuigeuza Jubilei kuwa mhadhara wa mabishano. Nitasema tu kwamba Tacitus, mwandishi Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Wako pia waliodai kwamba msulubiwa hakuzikwa kamwe, bali aliachiwa mbwa na ndege. Lakini Josephus, Myahudi wa karne ile ile ya kwanza, ameandika kwamba Wayahudi waliwashusha hata waliosulubiwa na kuwazika kabla ya jua kuchwa. Na mwaka 1968 huko Yerusalemu, katika kaburi la pango, yalipatikana mifupa ya mtu aliyeitwa Yehohanan, imewekwa kwa heshima katika sanduku la jiwe, na mfupa wa kisigino chake ungali na msumari. Aliyesulubiwa aliweza kuzikwa na jamaa zake. Habari ya Yusufu wa Arimathaya si ya ajabu.

Sasa twende kaburini na wale wanawake, maana hapa ndipo kijana wangu aliponibana zaidi. Aliandika, "Injili nne hazipatani. Mmoja anasema malaika mmoja, mwingine wawili. Majina ya wanawake hayalingani. Mahakamani kesi kama hii ingefutwa." Sikumjibu kwa vitabu. Nilimpa habari ya kengele yetu. Kamati ilipouliza kengele ya kwanza ilitundikwa wapi, ukoo mmoja ulisema kwenye mringaringa, ukoo mwingine ukaapa kwamba ni kwenye mkuyu, na bibi mmoja wa miaka zaidi ya 90 akasema hakukuwa na mti, bali nguzo mbili. Ukoo wa mringaringa hadi leo haujawasamehe wa mkuyu! Lakini hakuna hata mmoja aliyesema kengele haikuwepo, wala kwamba watu hawakukusanyika. Kama wote wangetuletea maneno yale yale, neno kwa neno, katibu wetu angeshuku kwamba walikaa kikao kwanza. Injili zinatofautiana juu ya mti, zinapatana juu ya kengele: siku ya kwanza ya juma, mapema, jiwe limeondolewa, mwili haumo, na Mariamu Magdalene yupo. Sisemi kwamba nimeweza kuzipanga habari zote nne zikakaa sawasawa. Nilijaribu nikiwa kijana, nikaacha.

Na kwa nini wanawake? Josephus anasema waziwazi kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Hata hapa kwetu, katika mabaraza ya zamani, neno la mwanamke halikuamua mpaka wa kihamba. Mtu anayetunga habari ili aaminiwe huweka mashahidi wanaokubalika. Angemweka Yusufu wa Arimathaya mlangoni pa kaburi, mtu wa baraza, tajiri, mwenye sifa njema. Badala yake zimeandikwa habari za wanawake, na Luka hafichi kwamba mitume wenyewe waliposikia waliona ni upuuzi. Miaka mia na zaidi baadaye, Celsus, mpinzani ambaye hoja zake tunazijua kwa sababu Origen alizijibu, aliicheka imani yetu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba msingi wake ni mwanamke aliyepagawa. Mtaona pia kwamba orodha ya Paulo haiwataji wanawake. Nadhani aliyeitunga aliogopa kicheko hicho. Waandishi wa Injili wangeweza kufanya vivyo hivyo wakapumzika. Hawakufanya hivyo, na sababu iliyo rahisi kuliko zote ni kwamba ndivyo ilivyotokea.

Hoja ya maono inanigusa zaidi, kwa sababu inaweza kupimwa na hekima ya bibi zetu. Wataalamu wengi wa Ulaya wamefundisha kwamba wanafunzi walikuwa na huzuni kubwa, wakamwona Yesu katika njozi, wakasema amefufuka. Nilipoisoma hoja hiyo chuoni mara ya kwanza nilijiuliza kama waandishi wale wamewahi kukaa katika nyumba yenye msiba. Sisi tunajua habari za wafu kuwatokea watu. Nani hapa hajasikia kwamba fulani amemwota baba yake amesimama mlangoni? Kabla ya Injili kufika, mtu aliyetokewa hivyo alikwenda kwa wazee, nao wakamwambia kwamba marehemu ana njaa au amekasirika, mbuzi achinjwe na mbege imwagwe. Lakini hakuna bibi yeyote katika mlima huu aliyeamka kutoka ndotoni akasema, "Mume wangu ameondoka kaburini." Kinyume chake, kumwona katika ndoto kulithibitisha kwamba amekufa na sasa yuko upande wa mizimu. Wayahudi nao walijua tofauti hiyo. Luka anasema kwamba wanafunzi walipomwona Bwana walidhani wanaona roho, naye akawaonyesha mikono na miguu, akala samaki mbele yao. Petro alipotoka gerezani usiku, katika Matendo 12, waliokuwa ndani walisema ni malaika wake. Watu hao walikuwa na maneno ya kutosha ya kueleza njozi. Walichagua neno jingine, neno la mwili kutoka kaburini, nalo liliwaletea taabu.

Tena hawakuwa na sababu ya kulichagua. Wayahudi wengi walitarajia ufufuo, lakini wa watu wote, siku ya mwisho, kama Martha alivyomwambia Bwana juu ya Lazaro. Mtu mmoja kufufuka peke yake, historia ikiendelea na Warumi wakiwa bado barabarani, hilo halikuwemo katika tumaini la yeyote. Na Masihi aliyeuawa alikuwa Masihi aliyeshindwa. Mwaka 135 Warumi walimwua Simon bar Kokhba, ambaye wengi walimtumaini kuwa ndiye Masihi. Waliobaki walimlilia, na habari yake ikaishia hapo.

Zaidi ya hayo wako watu wawili ambao huzuni haiwezi kuwaeleza. Paulo hakumlilia Yesu. Alikuwa akiwafunga watu wake. Na Yakobo, ndugu yake Bwana, alikuwa miongoni mwa wale ndugu ambao Yohana anasema hawakumwamini. Ninyi mnajua ilivyo vigumu kumhubiria ndugu yako mliyekula naye sahani moja. Lakini katika Matendo tunamkuta Yakobo akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na Josephus anatuambia kwamba kuhani mkuu aliamuru apigwe kwa mawe, mwaka 62. Nini kilimbadilisha? Orodha ya Paulo ina maneno machache tu, kwamba alimtokea Yakobo.

Hapa nimlinde msikilizaji na hoja dhaifu ambayo sisi wahubiri tunaipenda. Tunasema kwamba mitume waliuawa, kwa hiyo imani yao ni ya kweli. Haitoshi. Mwaka 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, kule Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao, ambao majina yao tunayataja mara chache mno. Kifo chao kinaonyesha kwamba waliamini walichofundishwa. Watu wa dini nyingine nao wamekufa kwa walichofundishwa. Tofauti ya Petro na Yakobo ni kwamba wao hawakufundishwa na mtu kwamba Bwana amefufuka, walisema wamemwona. Kama mwili uliibwa, walioiba ni wao au walimjua mwizi. Mtu hufa kwa ajili ya uongo aliodanganywa, lakini ni vigumu kumpata anayekubali mawe kwa ajili ya uongo alioutunga yeye mwenyewe, asipate shamba wala cheo.

Aidha, tazameni siku tunayokwenda kanisani. Waliokuwa wanafunzi wa kwanza walikuwa Wayahudi, na Sabato ilikuwa damu yao. Lakini mapema sana tunawakuta wanakutana siku ya kwanza ya juma, siku ambayo haikuwa ya mapumziko kwa yeyote. Yapata mwaka 112 liwali Plinius alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Alfajiri yetu ya Pasaka ina ndugu wa mbali kuliko tunavyofikiri.

Najua kuna mzee mmoja hapa aliyekwisha kuniandalia swali, maana alinifundisha Kipaimara. Atasema, "Mchungaji, Luther ametufundisha nini katika Katekisimo Ndogo, Sehemu ya Tatu ya Imani? Kwamba hatuwezi kwa akili wala nguvu zetu kumwamini Yesu Kristo, bali ni Roho Mtakatifu anayetuita. Mbona umetupa akili jioni nzima?" Mzee wangu, nayakubali maneno ya Luther yote. Sababu hizi hazimfufui mtu. Zinaweza tu kuondoa mawe njiani, na mengine tuliyaweka sisi wenyewe, kama nilivyofanya pale kaburini. Luther hakusema Roho Mtakatifu anatuita tuamini jambo ambalo halikutokea.

Kijana yule yumo kanisani jioni hii. Sijamwuliza sasa anaamini nini, wala nisingependa aulizwe na mtu mwingine. Juzi alinitumia ujumbe mfupi kuuliza kama kaburi la mama yake liko katika njia ya maandamano ya kesho. Nilimjibu kwamba liko.

Kwa wageni wetu ambao hawajui desturi ya hapa: kengele ya kwanza italia saa kumi alfajiri, na saa kumi na nusu tutatoka mbele ya kanisa kwenda makaburini pamoja na kwaya ya matarumbeta. Tutaanzia kwa waanzilishi, tutashuka hadi makaburi mapya karibu na mfereji, na Injili itasomwa hapo jua litakapoanza kuonekana. Njooni na tochi na viatu vya kufaa, maana mvua imenyesha na njia ina mawe. Wazee ambao miguu haiwaruhusu watawekewa viti upande wa juu, chini ya mringaringa.